Ukumbi, barabara au chumba cha nyumbani: njia tatu za kijana anayejitungia nyimbo za maisha yake

Kijana anayejitungia nyimbo kutokana na maisha yake mwenyewe hufika mahali akakwama. Nyimbo anazo, daftari limejaa, walio karibu naye wanamhakikishia kwamba ana kipaji, lakini hajui abishe mlango upi. Mapema mwaka huu binti mmoja wa kidato cha nne aliniletea kaunta buku lenye nyimbo 31, kila wimbo ukiwa na tarehe yake pembeni na mishale midogo ya penseli ikionyesha mahali sauti inapopanda. Hakuniuliza kama nyimbo zake ni nzuri. Aliniuliza azipeleke wapi, akataja njia tatu alizokuwa akizipima: kutafuta kampuni ya muziki, kuzunguka na gitaa akiimba popote anaporuhusiwa, au kurekodi nyumbani na kupakia mtandaoni. Makala hii ni jibu lake, na ni jibu la kila aliyesimama kwenye njia panda hiyo hiyo.

Ili tusilinganishe mambo ya kufikirika, kila njia nimeitafutia mtu mmoja aliyeipita na ambaye safari yake inajulikana vizuri. Taylor Swift wa Marekani aliingia kupitia milango ya kampuni za Nashville, mji wa muziki wa country. Ed Sheeran wa Uingereza aliingia kupitia barabara na kumbi ndogo. Billie Eilish, Mmarekani pia, aliingia kupitia chumba cha kulala cha kaka yake. Wote watatu walijulikana kabla ya kuvuka miaka 20, na nyimbo zilizowatambulisha zilitoka mikononi mwao au mikononi mwa mtu wa karibu sana nao. Hakuna hata mmoja aliyeanzia katika mazingira ya Tandika au Kisauni, na hilo nitalirudia kila linapobadilisha hesabu.

Vigezo vya kupimia

Nimeweka vigezo vitano, na kila njia itapita katika vyote. Cha kwanza ni sikio la kwanza, yaani nani anausikia wimbo kabla ya umma na anaweza kukusaidia nini. Cha pili ni gharama na anayezilipa. Cha tatu ni hati: nani anabaki na umiliki wa utungo na wa rekodi. Cha nne ni muda. Cha tano, ambacho wengi hawakikumbuki mpaka kiwachome, ni siri, kwa kuwa wimbo wa maisha yako unawahusu pia watu unaoishi nao. Ubora wa sauti sikuuweka katika orodha, kwa sababu sauti nzuri inasaidia kote kote na hivyo haiwezi kukuamulia njia.

Sikio la kwanza

Katika njia ya kampuni, anayekusikia kwanza ni mtu wa kazi. Swift alipokuwa na miaka 11 alizunguka Nashville na mama yake akiacha CD za nyimbo za watu wengine alizoziimba yeye, na hakuna kampuni iliyomwita. Alichojifunza ni kwamba mji ule umejaa watoto wanaoimba vizuri nyimbo za wenzao, na kwamba lazima awe na kitu ambacho hakipatikani kwa mwingine. Akashika gitaa, akaanza kuandika yanayompata shuleni. Alipofika miaka 14 kampuni ya kusimamia tungo ya Sony/ATV ilimpa mkataba, akiwa mdogo kuliko mtunzi yeyote iliyewahi kumchukua, na ndipo akaanza kukutana na Liz Rose, mtunzi mzoefu, kila Jumanne baada ya masomo. Hapo ndipo ninapouona utajiri wa njia hii. Msichana anatoka darasani akiwa bado na donge la jambo lililomtokea siku hiyo, anamwaga maneno yote kama yalivyo, na mtu mzima aliyekaa mbele yake anamsaidia kuona mstari upi ubaki na upi ukatwe. Rose mwenyewe amejieleza kuwa alikuwa zaidi mhariri kuliko mwandishi. Msaada wa namna hiyo, unaonoa maneno bila kumpokonya mwenyewe mada, ni adimu mno, na kijana akiupata katika kampuni yoyote ana sababu nzito ya kubaki.

Nashville ina pia Bluebird Cafe, ukumbi wenye viti visivyofika 100, ambako watunzi huketi katikati ya wateja, huimba kwa zamu na kusimulia kila wimbo ulikotoka, na wateja huombwa kunyamaza. Ni hapo, mwaka 2005, Scott Borchetta alipomsikia Swift akiwa katika maandalizi ya kuanzisha kampuni yake ya Big Machine Records. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata mlango wa kampuni ulipitia chumba kidogo chenye watu wanaosikiliza kwa makini. Mahali pasipokuwa na chumba cha namna hiyo, njia ya kampuni hupungukiwa na hatua yake ya katikati, na kijana hulazimika kuruka kutoka kitandani kwake hadi mezani kwa bosi.

Katika njia ya barabara, anayekusikia kwanza ni mgeni ambaye hakudai wala humdai. Sheeran aliondoka nyumbani kwao Suffolk akiwa kijana wa miaka 17 hivi akaenda London, na mwaka 2009 peke yake alipiga maonyesho 312. Mgeni hana sababu ya kukuheshimu: anaongea na mwenzake, anaagiza kinywaji, anakupa mgongo. Sheeran alijifunza kutumia kifaa cha mguuni kinachonasa sauti na kuirudiarudia, hivyo mtu mmoja mwenye gitaa dogo akawa na kwaya na ngoma nyuma yake. Wimbo usioweza kuwanyamazisha watu unaujua usiku uleule, na huhitaji mtu wa kukueleza. Upungufu ni kwamba mgeni hakwambii kwa nini hakusikiliza. Utajua wimbo umeshindwa, ila hutajua kama tatizo ni ubeti wa pili, ni kiitikio kilichochelewa, au ni mechi iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni.

Katika njia ya chumba, anayekusikia kwanza ni ndugu. Finneas O'Connell, aliyemzidi dada yake miaka minne, alikuwa ametunga wimbo “Ocean Eyes” kwa ajili ya bendi yake, kisha akampa Billie auimbe ili mwalimu wake wa dansi autumie. Waliupakia SoundCloud, mtandao wa kupakia na kusikiliza muziki, mwezi Novemba 2015, Billie akiwa na miaka 13, na kwa muda mfupi ukasikilizwa na watu wengi ambao hawakuwatarajia. Hapa kuna ukweli ambao mashabiki huuruka: wimbo uliomfungulia mlango haukutungwa na yeye. Utunzi wake ulikua baadaye, ubavuni mwa kaka yake, katika nyumba ambayo mama, Maggie Baird, aliwahi kuwafundisha watoto namna ya kuandika nyimbo. Faida ya ndugu ni kwamba anajua unachokwepa kusema. Ukiandika uongo wa kujipendekeza atakutazama tu, nawe utaelewa. Hatari yake ni kwamba ndugu huyo huyo anaweza kukuonea huruma akaacha wimbo dhaifu upite.

Gharama na anayezilipa

Kampuni hulipa studio, picha na safari za kuzunguka vituo vya redio, lakini fedha hiyo kwa kawaida ni ya kutangulizwa, na hukatwa katika mapato ya msanii kabla hajaona kitu. Zaidi ya hapo ipo gharama isiyoandikwa katika mkataba wowote. Familia ya Swift ilihama kutoka Pennsylvania hadi Hendersonville, karibu na Nashville, ili mtoto wa miaka 14 awe jirani na kazi hiyo, na baba yake, aliyekuwa wakala wa uwekezaji, alikuwa na uwezo wa kuihamisha kazi yake pamoja na familia. Sisemi hivyo kumpunguzia sifa, kwa maana familia nyingi tajiri zimehama na hakuna kilichotokea. Ninasema kwa sababu kijana wa Singida anayeambiwa “nenda Dar ukatafute lebo” anapaswa kuhesabu kodi ya chumba, nauli na chakula cha miezi kadhaa kama sehemu ya bei ya mkataba ambao bado hajaupata.

Barabara hulipwa kwa mwili. Sheeran amesimulia jinsi alivyolala kwenye makochi ya watu, na siku alipokosa kochi akalala nje, mahali penye bomba la hewa ya moto karibu na Kasri la Buckingham. Nimewaona vijana wakisimulia habari hiyo kana kwamba ni sharti la kufaulu. Si sharti. Ni gharama aliyoilipa mvulana mwenye afya, katika mji wenye kumbi nyingi na usafiri wa usiku, aliyekuwa na nyumba ya wazazi ya kurudi kama mambo yangemshinda. Kwa msichana anayetoka ukumbini saa sita usiku akitafuta bodaboda, gharama hiyo ina sura nyingine kabisa, na yeyote anayemshauri apite njia ya Sheeran bila kulitaja hilo anamshauri nusu.

Chumba kinaonekana kuwa rahisi kuliko vyote, na kwa vifaa ni kweli: kompyuta yenye programu ya kurekodia, maikrofoni moja, kinanda kidogo. Albamu ya kwanza ya Eilish, iliyotoka tarehe 29 Machi 2019, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha Finneas, dada akiwa ameketi kitandani. Lakini wazazi wao waliwasomesha watoto nyumbani, na hivyo wakawapa kitu ambacho hakiuzwi dukani, yaani saa nyingi za mchana na chumba kisichoingiliwa. Kwetu sisi gharama ya njia hii mara nyingi si maikrofoni. Ni umeme unaokatika katikati ya ubeti, bando linaloisha wakati wa kupakia, na nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba ambamo ukimya hupatikana saa tisa usiku tu.

Hati ya utungo na hati ya rekodi

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Moja ni utungo: maneno na melodi, vitu ambavyo vingekuwapo hata kama usingeurekodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, sauti ile iliyonaswa siku ile, ambayo wanamuziki huiita masta. Mtu anaweza kumiliki moja asimiliki nyingine, na kutolijua hilo kumewaumiza vijana wengi kuliko umaskini.

Mkataba ambao Swift aliusaini na Big Machine akiwa binti mdogo uliiachia kampuni umiliki wa masta za albamu zake sita za kwanza. Mwaka 2019 kampuni iliuzwa kwa kampuni ya Scooter Braun, meneja wa wasanii, na mwaka uliofuata masta zile zikauzwa tena kwa mfuko wa uwekezaji. Nyimbo alizoziandika juu ya mama yake, marafiki zake na machozi yake ya miaka 15 zilikuwa zikipita mikononi mwa watu aliosema waziwazi kwamba hakuwataka. Kilichomwokoa ni ile mali ya kwanza. Kwa kuwa alikuwa mtunzi, aliweza kuingia studio tena na kurekodi upya albamu za zamani, akaanza kuzitoa mwaka 2021, na mashabiki wakazifuata rekodi mpya. Mwezi Mei 2025 alitangaza kwamba amezinunua masta zake. Kati ya sahihi ya kwanza na umiliki kamili ilipita miaka ipatayo 20, na ilihitaji utajiri ambao ni wasanii wachache sana duniani walio nao. Haki inadai pia niseme kwamba kampuni ile ilimpa alichokitaka wakati huo, yaani ruhusa ya kuimba nyimbo zake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ameacha mkataba wa maandalizi na kampuni ya RCA kwa sababu hakutaka kuwekwa akiba mpaka akue.

Sheeran alifika kwenye meza ya kampuni akiwa na ushahidi mkononi. Januari 2011 alitoa mwenyewe EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, ya “No. 5 Collaborations Project”, na bila kampuni nyuma yake ikapanda hadi nafasi ya 2 katika chati ya iTunes ya Uingereza. Mwaka huo huo alitangaza onyesho la bure katika ukumbi wa Barfly, Camden, wakaja watu zaidi ya 1,000 mahali pasipoweza kuwachukua. Akapiga maonyesho manne ili wote wamwone, na moja kati ya hayo alilipiga barabarani baada ya ukumbi kufungwa. Mtu anayekuja kusaini mkataba akitokea barabara ile haombi kusaidiwa, anazungumza bei. Mkataba wake na Asylum, tawi la kampuni ya Atlantic, ulifuata.

Lakini barabara haikumlinda na kila kitu. Wimbo ukishakuwa mkubwa hujitokeza watu wanaodai kwamba uliibwa, na Sheeran amepelekwa mahakamani London na New York, akashinda kesi zote mbili, mwaka 2022 na mwaka 2023. Baada ya kesi ya London alieleza kwamba siku hizi hurekodi kwa video kila kikao cha kutunga, ili uwepo ushahidi wa jinsi wimbo ulivyozaliwa. Niliposoma hilo nilikumbuka tarehe zilizo pembeni mwa kaunta buku la yule binti. Hakujua, lakini alikuwa tayari ameanza kujilinda. Kwa aliyeko Tanzania hatua inayofuata ni kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, na kwa aliyeko Kenya ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Eilish aliingia mkataba na kampuni za Darkroom na Interscope mwaka 2016, akiwa na miaka 14. Faida ya njia yake katika suala la hati ni uchache wa watu: nyimbo zake nyingi zina majina mawili tu ya watunzi, lake na la kaka yake, hivyo mgawanyo unaeleweka. Hasara inajificha palepale. Ndugu na marafiki huona aibu kuandikiana, na aibu hiyo hudumu mpaka wimbo utoe fedha. Ikiwa binamu yako ndiye anayetengeneza biti na wewe ndiye unayeandika maneno, andikeni kwenye karatasi kabla ya kupakia nani ana asilimia ngapi ya utungo na nani ana asilimia ngapi ya rekodi, mwekeane sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Vivyo hivyo kwa prodyuza wa mtaani anayekuambia “tutaongea baadaye”: ongeeni kwanza.

Muda

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tangu Swift azunguke na CD zake hadi albamu yake ya kwanza mwezi Oktoba 2006 ilipita kama miaka mitano. Sheeran alihamia London mwaka 2008 na albamu yake ya kwanza ikatoka Septemba 2011. Eilish, anayetajwa kuwa aliamka siku moja akawa maarufu, alisubiri zaidi ya miaka mitatu kutoka “Ocean Eyes” hadi albamu yake ya kwanza. Anayetafuta njia fupi hataipata katika hizi tatu.

Siri za nyumbani

Wote watatu wanaitwa waandishi wa nyimbo za maisha yao, ila kila mmoja anayafungua maisha hayo kwa mlango tofauti, na tofauti hiyo inaendana na njia aliyopita.

Swift huandika kwa uwazi. Katika albamu yake ya kwanza alimtaja kwa jina mwanafunzi mwenzake halisi. Katika vijitabu vya albamu zake za mwanzo aliandika baadhi ya herufi kwa ukubwa, ili msikilizaji akiziunganisha apate ujumbe uliofichwa juu ya wimbo unamhusu nani au nini. Hivyo mashabiki wakawa wapelelezi, kila wimbo ukawa sura ya hadithi moja ndefu, na mwandishi akawa rafiki yao. Nguvu ya uwazi huo ilionekana pale wimbo “Our Song”, aliouandika peke yake kwa ajili ya onyesho la vipaji shuleni, ulipofika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa country mwaka 2007. Gharama yake ni kwamba watu anaowaandika hawakuomba kuandikwa, na yeye mwenyewe hawezi tena kupenda wala kuachana bila umma kuhesabu mistari.

Sheeran, katika wimbo wake mkubwa wa kwanza, aliandika kama shahidi. “The A Team” ulizaliwa baada ya kutembelea makazi ya watu wasio na nyumba akiwa na miaka 18, na jina lake linagusa daraja A ambalo sheria ya Uingereza imewekea dawa kali za kulevya. Melodi ni laini kiasi kwamba wengi waliuimba bila kutambua unazungumzia nini. Yule mtu aliyeuzaa wimbo hakutajwa, hakuonyeshwa, hakuaibishwa. Maisha ni ya kweli, uso umefunikwa.

Eilish na kaka yake hutumia kinyago. Katika “Bellyache” anaimba kama muuaji anayeumwa tumbo kwa hatia, na albamu ya 2019 imejaa ndoto mbaya na hofu za usiku. Tukio si lake, lakini hisia ni yake. Hata vitu vidogo vya maisha yao viliingizwa humo: katika wimbo mmoja unasikika mlio wa mashine ya daktari wa meno. Binti anaweza kuimba hofu yake yote namna hiyo na bado akakaa mezani na wazazi wake bila mtu kuulizwa swali.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili mambo haya si mageni. Tumelelewa na taarabu na maneno ya kanga, tunajua kulisikia lisilosemwa. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliimba mambo yaliyotokea kweli Unguja, na watu wake walielewa anasemwa nani. Kwa hiyo mwandishi wetu ana nafasi kubwa ya kutumia fumbo kuliko mwenzake wa Nashville, na ana sababu kubwa zaidi pia. Anayeishi uswahilini hahitaji kumtaja mtu jina. Akitaja rangi ya geti na siku ya tukio, mtaa mzima umeshajua kabla ya kiitikio.

Njia ipi, kwa hali ipi

Ukiwa unaandika kwa wingi, unapenda kurekebishwa, na huoni vibaya wimbo wako kuimbwa na mtu mwingine, njia ya kampuni inakufaa, hasa ukianzia upande wa utunzi kama alivyoanza Swift kabla ya kuwa mwimbaji wa mtu. Ukiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi awe chumbani wakati wa kila mazungumzo, na mwanasheria asome neno “masta” kila linapotokea. Uliza mambo matatu: rekodi ni ya nani, kwa miaka mingapi, na inaweza kuuzwa kwa mwingine bila wewe kuambiwa? Ukijibiwa kwamba hayo ni ya kawaida na usiwe na wasiwasi, omba wiki mbili uende nayo nyumbani.

Ukiwa na nyimbo zinazosimama kwa gitaa na sauti peke yake, una moyo wa kustahimili kupuuzwa, na unaishi mjini, barabara itakufundisha haraka kuliko shule yoyote. Haina lazima iwe ya usiku. Harusi, mahafali, mikutano ya vyuo, soko la Jumamosi na ibada ni barabara pia, na huko wapo watu wa rika zote ambao hawatakupigia makofi kwa kukuonea aibu. Weka hesabu ya kila onyesho: mahali, idadi ya watu, wimbo uliowanyamazisha. Siku utakapokaa na kampuni, daftari hilo litakutetea.

Ukiwa na aibu ya jukwaa, au nyimbo zako zinahitaji minong'ono na milio ambayo gitaa haliwezi, au zinabeba jambo zito ambalo hujawa tayari kulitamka mbele ya macho ya watu, anzia chumbani. Sharti ni moja: awepo mtu wa pili. Eilish hakuwa peke yake hata siku moja, na ninawaona wengi wanaodhani wanafuata njia yake kumbe wamejifungia tu. Kama huna ndugu mwenye sikio, tafuta rafiki anayeweza kukuambia ubeti wa pili haujakaa sawa. Kama hukumpata, barabara ni salama kwako kuliko chumba, kwa sababu angalau itakujibu.

Na kama tayari umeanza njia moja, usione aibu kuchanganya. Sheeran alisaini na kampuni baada ya barabara, Eilish alisaini baada ya chumba, na Swift aliyeanzia kampuni aliandika albamu yake ya tatu yote peke yake mwaka 2010, ikauza zaidi ya nakala milioni 1 katika wiki ya kwanza.

Yule binti wa kidato cha nne anaishi na bibi yake. Kutoka usiku hawezi, na kampuni haijui hata moja. Ila ana binamu anayesimamia mitambo ya sauti kanisani, ambaye ana kompyuta ya zamani na maikrofoni ya kuazima wikiendi. Tuliandika karatasi ya nusu ukurasa ya mgawanyo wao, bibi akaweka sahihi ya shahidi. Kisha tukafungua kaunta buku, tukachagua wimbo wa 12, tukalibadilisha jina la mtu katika ubeti wa kwanza likawa jina la mti. Wanarekodi Jumapili saa nane mchana, blanketi likiwa limetundikwa dirishani, wakati mashine ya kusaga ya jirani imezimwa.